Kiingereza Nacho Kina Mizani Yake

Kijana alinifuata hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu, karatasi mkononi. Mvua ya alasiri ya Kitale ilikuwa imeanza kupiga mabati, hata ikabidi ainue sauti.

"Mwalimu, samahani. Naomba kuuliza. Hapa mbona nimekosa?"

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Her father is a well-known farmer." Mwanafunzi alitakiwa kusema kile kivumishi chenye kistari kina silabi ngapi, kisha apige mstari chini ya silabi inayobeba mkazo mkubwa. Silabi alipata, ni mbili. Mkazo aliuweka kwenye "well". Mwongozo wa kusahihisha uliokuja na mtihani ule ulisema "known", nami nilikuwa nimemchorea msalaba mwekundu na kwenda zangu.

"Mwongozo ndio mwongozo, kijana wangu," nikamwambia.

"Sawa, mwalimu. Lakini nikisema hivyo, mdomo unakataa."

Akaniaga kwa adabu, akaondoka. Mimi nikabaki na lile neno lake. Usiku, chai mezani, nikaisoma ile sentensi kwa sauti kama mwongozo ulivyotaka: "a well-KNOWN farmer." Nikarudia mara tatu. Wallahi mdomo ulikataa. Kila nikikimbiza sentensi kwa mwendo wa mtu anayezungumza, mkazo ulirudi wenyewe nyuma kwenye "WELL". Nikafungua kamusi. Nitaeleza nilichokikuta, lakini kwanza niruhusiwe kusema kwa nini naandika haya kwenye ukurasa wa watu wa Pwani.

Mimi ni mtoto wa Mombasa niliyepelekwa bara kufundisha, Bungoma kwanza na baadaye Kitale. Sikuwa peke yangu. Walimu wetu wengi wamepitia safari hiyo. Madereva wetu wa malori hupita Webuye na Bungoma kila juma wakielekea Malaba. Wafanyabiashara wetu huja Kitale kutafuta mahindi, na watoto wetu wako katika mabweni ya huku. Na hata aliyebaki Likoni, Malindi au Lamu atafanya mtihani ule ule. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, ile ya namba 101/1, ina alama 60. Uandishi wa barua, matangazo na mfano wa hayo huchukua 20, kujaza mapengo 10, na zile 30 zilizobaki, yaani nusu kamili, ni stadi za kuzungumza. Humo ndimo hukaa maswali ya mkazo, ya kiimbo, ya maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Ajabu yake ni kwamba nusu hiyo ya kuzungumza hufanywa kimya, kwa kalamu. Mtoto anayetamka vizuri lakini hajui kueleza anachofanya hupoteza alama, na aliyekariri kanuni bila kuisikia hupoteza vilevile. Mfumo wa 8-4-4 utamaliza KCSE yake ya mwisho mwaka 2027, lakini sidhani kama Kiingereza kitabadilisha matamshi yake kutungojea.

Basi sisi watu wa Pwani tuna mtaji katika jambo hili ambao hatuutumii. Tunajua kuhesabu mizani.

Nani kati yetu hakumwona babu au shangazi akiupima mshororo kwa vidole? Utenzi una mizani minane katika kila kipande, shairi la kawaida lina minane na minane, jumla kumi na sita, na ukizidisha mmoja tu msikilizaji mzoefu anakunja uso kabla hujamaliza ubeti. Mzee yule hahesabu herufi. Anahesabu mapigo ya sauti. Ndiyo maana "mtu" kwake ni mizani miwili, m na tu, ingawa irabu ni moja tu. "Nchi" ni miwili. "Mbwa" ni miwili. Ile m na ile n zimesimama kwa miguu yao wenyewe.

Silabi za Kiingereza zinahesabiwa kwa sikio hilo hilo, wala si kwa macho. Neno "drought", yaani ukame, lina herufi saba na mizani mmoja tu. Neno "idea" lina herufi nne na mizani mitatu. "Strength" lina herufi nane na pigo moja. Mwanafunzi anayehesabu herufi au hata irabu zilizoandikwa amepotea tangu hatua ya kwanza, na wengi wanaokosea hukosea hapo. Katika "little-known", jambo lisilojulikana sana, silabi ni tatu: lit, tle, known. Ile "tle" ya katikati haina irabu unayoisikia. Ni l inayojitegemea, kama m yetu ya "mtu". Nimewahi kumweleza hivyo mwanafunzi wa Kilifi aliyekuwa likizoni huku kwa mjomba wake, akacheka, akaniambia kumbe Wazungu nao wana m ya mtu.

Neno moja la kuwatoa wasiwasi waliopita chuoni. Tukisema shadda katika sarufi ya Kiswahili tunakusudia mkazo, ile nguvu inayowekwa kwenye silabi. Si ile shadda ya msahafu inayotaka herufi itamkwe mara mbili. Jina ni moja, kazi mbili. Mimi nitatumia neno mkazo ili tusigongane, na nitauonyesha kwa herufi kubwa.

Sasa tatizo. Kiswahili kina kanuni nyepesi mno ya mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Soko ni SO-ko, sokoni ni so-KO-ni. Yapo machache yanayotoka nje, kama ba-ra-BA-ra unayopita na gari na ba-RA-ba-ra yenye maana ya sawasawa, lakini ni ya kuhesabika. Kanuni hii imeingia katika mwili wetu hata hatuisikii tena, na tunaipeleka kila tuendako. Tazama tulivyoyapokea maneno ya Kiingereza. Wao wanasema PEN-cil, sisi tukafanya pen-SE-li. CAB-bage ikawa ka-BE-ji. HOS-pi-tal ikawa hos-pi-TA-li. "Club", silabi moja, ikawa ki-LA-bu yenye tatu, kwa sababu ulimi wetu hauipendi silabi inayoishia kwa konsonanti, huiongezea irabu ipate kupumua. Hakuna aibu hapo. Hayo ni maneno yetu sasa na mkazo wake ni halali.

Shida inakuja tunapozungumza Kiingereza chenyewe kwa kanuni ile ile. Katika maonyesho ya kilimo hapa Kitale utasikia msemaji baada ya msemaji akisema agri-CUL-ture, mkazo wa pili kutoka mwisho, Kiswahili kitupu. Mwenyewe ni AG-ri-cul-ture. "Development" ni de-VEL-op-ment. Kiingereza hakina silabi moja maalumu ya kubeba mkazo. Kila neno limezaliwa na mkazo wake, na lazima ujifunze pamoja na maana.

Vivumishi virefu vyenye vistari vinazidisha ugumu kwa kuwa ni maneno mawili au matatu yaliyofungwa kamba moja, na kila moja lilikuja na mkazo wake. Swali ni upi utawale.

Nilipoanza kulifundisha hili kwa dhati sikutafuta mifano vitabuni. Kitale ni mji wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956, kituo cha utafiti wa mahindi kipo hapa, na maduka ya pembejeo yamejaa mifuko na mabango yaliyoandikwa vivumishi hivyo hivyo vinavyowatoa watoto jasho: "high-yielding", "early-maturing", "drought-tolerant", "disease-resistant". Mzazi wa mwanafunzi ananunua mbegu kwa maneno hayo. Mwanafunzi mwenyewe amebeba mfuko ule begani tangu yuko darasa la tano. Nikawaambia waje na maneno kutoka dukani, wayaandike kama walivyoyaona.

Tukaanza na kuhesabu. "High-yielding", yenye mavuno mengi: high, yield, ing, tatu. "Early-maturing", inayokomaa mapema: ear, ly, ma, tur, ing, tano. "Drought-tolerant", inayostahimili ukame: drought, tol, er, ant, nne. "Disease-resistant", inayohimili magonjwa: di, sease, re, sis, tant, tano. Hapo darasa likagawanyika, wengine wakataka sita, kwa sababu waliona e ya mwisho ya "disease" na kuitamka. E hiyo imeandikwa ila haisemwi.

Kisha mkazo. Ukiyatazama maneno yale manne kwa makini utaona yamegawika katika makundi mawili. "Drought" na "disease" ni nomino. "High" na "early" si nomino, ni maneno ya kueleza hali au namna. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo mara nyingi. Kivumishi kikianza na nomino, mkazo mkubwa huelekea kukaa kwenye nomino ile: DROUGHT-tolerant, di-SEASE-resistant, TIME-consuming, HEART-broken. Ukitaka kuusifu mkoa huu kwa mahindi utasema MAIZE-growing, na Bungoma kwa miwa utasema SU-gar-producing. Kikianza na neno la sifa au la namna, mkazo mkubwa huenda sehemu ya pili: high-YIELD-ing, early-ma-TUR-ing, hard-WORK-ing, old-FASH-ioned, absent-MIND-ed, well-KNOWN. Vinavyoanza na "self" navyo hupeleka mkazo mbele: self-CON-fi-dent, self-suf-FI-cient.

Msinishike shati kwa kanuni hii kama vile imeshuka. "Home-made" inaanza na nomino na bado kamusi zinaweka mkazo kwenye "MADE". Ni mwelekeo wa lugha, una watoro wake, na ndiyo maana mwalimu asiye na kamusi ya matamshi mezani asijitie kuwasahihisha watu.

Na hata kuhesabu kwenyewe kuna mahali watu waungwana wanatofautiana. "Self-explanatory", jambo linalojieleza lenyewe, ukitamka kila kipande ni silabi sita: self, ex, PLAN, a, to, ry. Waingereza wengi huimeza ile "to" na kubaki na tano. Mwanafunzi akiandika tano au sita mimi nampa, mradi mkazo umekaa kwenye "PLAN".

Jambo la herufi za mwisho "-ed" lataka kikao chake, maana hapo ndipo wa Pwani na wa bara tunapokosea kwa pamoja. Sisi tukiona herufi tunaitamka, tumezoea lugha yenye uaminifu. Basi "old-fashioned" kwetu huwa old-fa-shi-o-ned, mizani mitano. Ukweli ni mitatu: old, fa, shioned. "Well-dressed" ni mizani miwili tu. Hiyo "-ed" huwa silabi kamili pale tu inapofuata sauti ya t au d, kama katika "short-sighted", short, sigh, ted, au "absent-minded", ab, sent, min, ded. Penginepo huwa ni t au d ndogo inayoning'inia mwishoni. Halafu, kwa kuwa Kiingereza hakitaki mtu alale usingizi, kuna vichache vilivyokataa kanuni. Kigoda cha miguu mitatu ni "a three-legged stool", na hapo wengi husema leg-ged, silabi mbili, bila t wala d yoyote kabla yake. Neno "naked" nalo ni hivyo, na "wicked". Hayo ni ya kukariri tu.

Nirudi sasa kwenye kamusi yangu ya usiku ule, kwa sababu deni la yule kijana bado.

Kamusi ilisema "well-known" mkazo wake mkuu uko kwenye "KNOWN". Mwongozo ulikuwa umenakili hapo. Lakini kamusi inaonyesha neno likiwa peke yake, limesimama uwanjani bila jirani. Nyingi ya kamusi nzuri za matamshi, na vitabu vya fonetiki, huongeza habari ambayo mwongozo uliiacha: vivumishi vya kundi hili la pili, vyenye mkazo mbele, hurudisha mkazo nyuma vinapofuatwa mara moja na nomino. "Her father is well-KNOWN", hapo sentensi imeishia, mkazo uko mbele. "A WELL-known FAR-mer", nomino imekuja, mkazo umerudi nyuma. Vivyo hivyo, "my uncle is old-FASH-ioned", lakini "an OLD-fashioned COAT". "This seed is high-YIELD-ing", lakini "a HIGH-yielding SEED".

Sababu yake anaielewa kila aliyewahi kushika ngoma. Kiingereza hakipendi mapigo mawili mazito yafuatane bila nafasi. KNOWN FAR-mer ni nyundo juu ya nyundo. Basi pigo la kwanza linasogezwa nyuma, WELL-known FAR-mer, zito, jepesi, zito, jepesi, na sentensi inatembea. Mdomo wa yule kijana ulikataa kwa sababu ulikuwa ukisikia mwendo ambao mwongozo haukuusikia.

Tarakimu nazo hufanya hivyo. Fif-TEEN peke yake ina mkazo mbele, lakini ukisema magunia kumi na matano, ni FIF-teen BAGS. Na FIF-ty BAGS ni magunia hamsini. Unaona hatari? Mkazo uliokuwa ukituambia hii ni kumi na tano na ile ni hamsini umeondoka, imebaki n ndogo mwishoni. Katika simu yenye kelele, gunia thelathini na tano zimepotea hewani. Mimi mfanyabiashara akinipigia kwa Kiingereza kuhusu mahindi namwambia arudie kwa Kiswahili, na sioni haya.

Vile vinavyoanza na nomino havina mchezo huo. "The work is TIME-consuming", "a TIME-consuming JOB", mkazo umekaa pale pale, kwa kuwa tayari ulikuwa nyuma, mbali na jirani.

Siku iliyofuata nikamwita kijana wakati wa mapumziko. Nikamuuliza alijuaje. Nilidhani ataniambia kitabu. Akasema ni mpira. Anasikiliza watangazaji wa ligi ya Uingereza kila mwisho wa juma akiwa nyumbani, na wao husema "a LONG-range shot", "a LEFT-footed shot". "Hakuna anayesema long-RANGE shot, mwalimu. Wewe umewahi kusikia?" Sikuwahi.

Kwao ni upande wa Chwele, Bungoma, na nyumbani wanazungumza Kibukusu. Hilo nalo nimelifikiria sana. Kibukusu ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka maana yaweza kugeuka, na urefu wa irabu nao una kazi. Mtoto aliyelelewa humo hufunzwa tangu mdogo kusikiliza kimo cha sauti, na kimo cha sauti ni sehemu kubwa ya mkazo wa Kiingereza. Wabukusu pia wana kumuse, ile hotuba ya mzee maalumu baada ya maziko, anayezungumza mbele ya umati huku akitembea. Niliwahi kuhudhuria moja nikiwa mgeni Bungoma. Sikuelewa sentensi kumi, lakini niliweza kusikia ni wapi anaweka uzito na ni wapi anauondoa, na watu walivyotulia. Sisi tuna mizani, wao wana kumuse na toni. Nionavyo mimi, wao wanatuzidi katika kusikia mkazo na sisi tunawazidi katika kuhesabu silabi. Katika darasa la Kitale, lenye Wabukusu, Wasabaot, Waturkana, Wakikuyu na mmoja wawili kutoka kwetu, nimekuwa nikiwaketisha wawili wawili kwa makusudi.

Ni desturi yetu Pwani kucheka matamshi ya bara, nao wa bara kucheka yetu. Nimeshiriki, sijitoi. Lakini tukumbuke kwamba marehemu Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema ya mwaka 1996, Kiswahili tunachokisifu hata huku kwetu, ni mtu wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia.

Nilimrudishia kijana alama yake. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kama yeye amepata, basi na wenzake walioandika "WELL" wamepata. Nikatoa karatasi zote kabatini nikaanza upya. Na wale walioandika "KNOWN"? Walikuwa wameshapewa alama kwa mujibu wa mwongozo, na kamusi inawaunga mkono kwa neno likiwa peke yake. Sikuwanyang'anya. Mwenzangu mmoja ofisini hakupendezwa. Aliniambia nawazoesha watoto kubishana na mwongozo, na kwamba katika mtihani wa taifa hakuna mlango wa ofisi wa kwenda kugonga. Hoja yake ina uzito. Karatasi ya KCSE husahihishwa mbali, na msahihishaji hajui kama mtoto alisikiliza mpira au alibahatisha.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyowaambia sasa, na mzazi anayesoma haya anaweza kumwambia wake. Soma sentensi yote kabla ya kugusa neno. Ukiulizwa neno likiwa peke yake, toa mkazo wa kamusi: well-KNOWN, old-FASH-ioned, high-YIELD-ing. Likiwa ndani ya sentensi, tazama kinachofuata. Kama nomino imefuata papo hapo, sema sentensi polepole moyoni, kisha kwa mwendo wa kawaida, na usikilize mkazo umekwenda wapi. Kama swali lina nafasi ya kueleza, eleza kwa maneno machache, kwamba kivumishi kimetangulia nomino. Msahihishaji mwenye haki atakuona unajua unachofanya. Kistari nacho hutoa dokezo. Waandishi wengi huandika "a well-known farmer" kwa kistari, lakini "he is well known" bila kistari. Si kwa maneno yote, "old-fashioned" huwa na kistari popote, lakini ukikiona kimepotea baada ya kitenzi, ujue na mkazo umesogea mbele.

Kwa mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne nyumbani, jaribio ni rahisi wala halihitaji kitabu cha kununua. Mpe mfuko wa unga, kopo la rangi, chupa ya dawa ya mifugo, chochote chenye maandishi ya Kiingereza. Atafute kivumishi chenye kistari, ahesabu mizani kwa vidole kama afanyavyo babu yake, kisha akitie katika sentensi mbili, moja kikiwa mwisho na moja kikiwa mbele ya nomino. Kwenye kopo atakuta "water-resistant" au "quick-drying". Moja linaanza na nomino, jingine halianzi. Mwache agundue mwenyewe ni lipi linalohama.

Kijana wangu wa Chwele ameanza daftari lake la maneno ya namna hii. Juzi kaniletea "ninety-kilogram bag", gunia la kilo tisini, akitaka kujua kwa nini hakuna s mwishoni mwa "kilogram" ilhali kilo ni nyingi. Nilimwambia kwamba kipimo kikitangulia nomino kama kivumishi, Kiingereza huacha alama ya wingi. Akauliza mkazo uko wapi, nikamwambia ahesabu kwanza. Akanyoosha vidole vitano, akatamka neno, akatamka tena pamoja na "bag", akaenda zake akisema-sema peke yake njiani.